Simu Arobaini na Moja za Majengo

Nairobi, 14 Januari 2024

Kwa Baba Watiri,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua ile kabambe yako ya vitufe haifungui barua ndefu, na wewe husema simu kubwa ni za wateja. Natumaini Mama Watiri hajambo, na Watiri wenu anaendelea vizuri pale mezani pa ufundi.

Ni miaka minne tangu niondoke kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu. Unajua niko kampuni ya simu ya Oruva, lakini sijawahi kukueleza kazi yangu. Kule kwetu Nkubu wanadhani natengeneza simu, na ukweli ni kwamba sijashika bisibisi tangu niliporudisha ile yako. Kazi yangu ni kukaa mikutanoni na kufikiria ni kwa nini mtu anunue simu yetu kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, wakati duka la pili lina simu ya kampuni nyingine inayopiga picha nzuri vilevile kwa robo ya bei hiyo. Mkubwa wangu, Bi Sophie, hataki kusikia habari ya kupunguza bei. Anasema ukishuka mara moja hutapanda tena. Tuwauzie wachache, tuwauzie ghali, halafu tuhakikishe hawatoki.

Sasa nimepewa miji ya Mlima Kenya. Wakubwa wanasumbuliwa na jambo moja: kuanzia Kagio mpaka Nanyuki, watu wanaotumia Oruva ni wengi kuliko simu tulizouza huko. Zinatoka wapi? Zinafufuliwaje? Na mtu mwenye simu ya miaka sita anabaki nayo kwa nini, badala ya kununua mpya ya bei nafuu?

Niandikie kama ulivyokuwa ukinieleza tukiwa tumeinama mezani, polepole. Hapa ofisini kila mtu ana jibu, na hakuna aliyewahi kufika Majengo.

Mwanafunzi wako,
Nkirote


Majengo, Nyeri, 27 Januari 2024

Nkirote mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea Mama Watiri. Amesema ati bado una mwandiko wa shule.

Umeuliza mengi na mimi niko na nafasi. Januari watu wamelipa karo, kioo kikivunjika wanafunga na selotepu wakingoja Machi.

Hizo simu zenu zinakuja za mtumba kutoka ng'ambo, nyingi zimekufa. Muriithi wa Kagio hununua mbili zilizokufa akatoa moja iliyo hai. Kule Doldol kuna msichana anaitwa Naserian, siku ya mnada wa mbuzi anakusanya zile zilizoanguka kwa birika la kunyweshea ng'ombe na ananiletea. Wote nimewafundisha mimi. Tuko kumi na wawili, nimekuandikia majina na miji nyuma ya hii karatasi, ukitaka kuwatembelea.

Umeuliza mtu anabaki nayo kwa nini. Wacha nikuambie habari ya Mwalimu Tabby, yule mwalimu mkuu wa Kiganjo. Simu yake ilikuwa ya bwanake. Bwana alikufa mwaka wa korona, na video zake zote ziko ndani, akiongea, akicheka. Nimebadilisha kioo mara mbili na betri mara moja. Siku moja aliniambia, "Kingori, nikistaafu nitanunua mpya ya hiyo hiyo kampuni, kwa sababu hii haijaniangusha." Sasa huyo ndiye mteja wenu, na ninyi hamjui hata jina lake.

Namna ya kufufua ni hivi. Ukiweka kioo kingine, simu inakikataa. Kwa hivyo mimi natoa kile kidude nyuma ya kioo cha zamani, kidogo kama mbegu ya wimbi, nakipasha hewa moto mpaka kiachilie, nakihamisha kwa kioo kipya. Simu inadhani ni kioo chake. Nimekuchorea. Nimechora vile mimi nakiona nikiwa nimeigeuza simu, kwa hivyo juu iko chini. Usinicheke.

Mungu akubariki katika hiyo kazi.

Hezekiah Kingori


Nairobi, 3 Machi 2024

Baba Watiri,

Barua yako imenifanyia kazi kuliko vitabu vyote nilivyosoma chuoni. Jumanne nilisimama mbele ya wakubwa, wengine wakiwa kwenye skrini kutoka ng'ambo, nikawaambia kwamba mshindani wetu mkubwa mlimani si kampuni nyingine. Ni simu yetu wenyewe ya miaka sita iliyopita, ikiwa imefufuliwa na fundi. Halafu Bi Sophie akaniomba nirudie.

Nikawaambia na upande wa pili, kwamba fundi huyo ndiye anayewashika wateja wasituhame. Mwalimu wa Kiganjo hataweza kununua mpya leo, lakini atanunua kesho kama ile ya zamani haijafa. Nimependekeza kampuni iwape mafundi wa mlimani spea halisi na mafunzo, wawe watu wetu rasmi. Ripoti imepokewa. Nimepandishwa cheo.

Nimekutumia hadubini ya mezani kwa ofisi ya vifurushi. Ni zawadi yangu mwenyewe, kampuni haimo. Mwambie Watiri aifunge vizuri, ule mguu wa hadubini hulegea.

Wako,
Nkirote


Majengo, 18 Machi 2024

Nkirote mwanangu,

Hadubini imefika nzima. Watiri hataki mtu mwingine aiguse. Mimi nikiangalia hapo ndani naona vile nimekuwa nikifanya kazi kama kipofu.

Habari ya mafunzo niliwaambia wenzangu Jumapili baada ya kanisa. Tulikutana Karatina, kumi na wawili wote, hata Naserian alitoka Doldol. Muriithi aliuliza kama tutapewa cheti cha kutundika ukutani, kwa sababu askari wa kaunti kila mwezi wanauliza karatasi. Nikasema nadhani tutapewa. Amekwenda kutengeneza fremu, huyo mtu.

Mimi ni mzee, sitafuti cheti. Lakini imenifurahisha kwamba umetukumbuka.

Kingori


Nairobi, 9 Juni 2024

Baba Watiri,

Soma hii ukiwa peke yako, halafu uichome.

Tarehe ishirini na nne mwezi huu kampuni inatoa programu mpya kwa simu zote za Oruva. Zitaipokea zenyewe, bila mwenye simu kubonyeza chochote. Programu hiyo itakagua kioo, betri na kamera. Ikikuta kifaa ambacho hakikuandikishwa kwetu, itatoa onyo dogo tu, lisilosema kitakachofuata. Baada ya siku ishirini na moja itafunga simu. Kuhamisha kile kidude hakutasaidia tena, wamepata njia ya kukitambua.

Usipokee Oruva yoyote kuanzia leo. Waambie wateja wazime mtandao wa nyumbani, wazuie programu mpya, chochote.

Mpango wa mafunzo haujafutwa. Umeahirishwa. Bi Sophie anasema kwanza tufunge mlango wa nyuma, ndipo tufungue wa mbele.

Nilitia saini karatasi ya siri nilipoajiriwa. Barua hii ikionekana nimekwisha, na sasa mdogo wangu yuko chuo kwa mshahara huu. Nakuomba usimwambie mtu yeyote ulikotoa habari.

N.


Majengo, 19 Julai 2024

Nkirote,

Barua ilifika tarehe kumi na tatu Juni. Niliichoma kama ulivyoomba.

Huku ni baridi, ukungu haujaondoka wiki nzima. Mama Watiri anasumbuliwa na kifua kidogo. Kazi inaendelea.

Kingori


Majengo, 11 Agosti 2024

Nkirote,

Barua yangu ya mwisho ilikuwa fupi kwa sababu sikutaka kukusumbua. Hii itakuwa ndefu.

Simu zilizofungwa kutoka kwa meza yangu ni arobaini na moja. Watiri ameandika majina kwenye daftari la shule. Za Muriithi sijui, aliacha kuhesabu. Naserian amerudi kuuza mbuzi na babake. Watu wanakuja kibandani, hawapigi kelele, wanaweka simu mezani na kuniangalia. Mmoja ni mzee wa kanisa letu. Aliniuliza polepole, "Kingori, ulitia kitu gani ndani?" Sasa kwa soko inasemekana niliweka vioo bandia. Miaka thelathini na moja, tangu wakati wa redio, hakuna mtu aliwahi kuniita mwongo.

Wiki iliyopita Muriithi alikuja kutoka Kagio. Mpwa wake ameajiriwa kwa duka lenu rasmi, na aliona karatasi wanazofundishiwa, akapiga picha moja. Muriithi alinionyesha. Ilikuwa na kichwa, "Namna mafundi wasio rasmi wanavyodanganya mfumo." Chini yake kulikuwa na mchoro, umepakwa rangi nzuri, na mishale.

Juu yake iko chini.

Mtu mwingine yeyote angekichora kidude upande wake. Ni mimi peke yangu nakichora hivyo, kwa sababu nageuza simu kutokana na ubovu wa jicho langu la kushoto. Nilikuandikia nikakuambia usinicheke.

Muriithi alikuwa ananiangalia usoni. Aliniuliza kama najua ni nani alipeleka. Nikamwambia sijui.

Sikuulizi kitu. Nimekuambia tu kwamba nimeuona.

H. Kingori


Nairobi, 20 Agosti 2024

Baba Watiri,

Ni mimi.

Sikuandika upya ulichoniambia. Niliambatisha barua yako nzima kwenye ripoti, na mchoro, na majina nyuma. Nilitaka waone kwamba nawajua watu wa mlimani kwa majina, kwamba sikubuni. Kila mtu pale ana takwimu. Mimi nilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye alama ya kikombe cha chai, na walipoipitisha mezani niliona fahari. Huo ndio ukweli.

Nilidhani watasoma kurasa zote za ripoti. Ukurasa wa nne ulisema jinsi mnavyofufua simu. Wa tisa ulisema kwa nini msizuiwe. Wahandisi walipewa wa nne. Nilipouliza juu ya wa tisa, Bi Sophie alinijibu kwa upole, yeye si mtu mbaya, "Nkirote, kampuni yetu inaishi kwa sababu kila kitu ndani ya simu ni chetu. Fundi akiweza kuingia, sisi tunauza nini?"

Nilijua mwezi wa Aprili. Nilikuandikia Juni. Miezi miwili hiyo nilikuwa najiambia kwamba nitawageuza mawazo kwanza, ili nisilazimike kukuambia nilichofanya.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Nikija Nyeri nitakuomba nikiwa nimesimama.

Nkirote


Nairobi, 6 Novemba 2024

Baba Watiri,

Hukujibu, na sina haki ya kukulaumu. Naandika kwa sababu ya kazi, lakini soma.

Miji ya mlima imeanguka. Waliofungiwa simu hawakuja kwenye duka letu kununua mpya kama wakubwa walivyotarajia. Wamekwenda kwa zile za bei nafuu, na wamewaambia ndugu zao wasinunue Oruva kamwe, hata wale wenye uwezo. Wafanyabiashara wa Karatina waliokuwa wakinunua mpya kila mwaka, sasa hawanunui. Ni ule ukurasa wa tisa, na safari hii wameusoma wenyewe.

Sasa wanataka mafundi. Kuna mkataba: spea halisi, mafunzo ya wiki mbili, cheti. Wanataka uanze wewe, kwa sababu wengine kumi na mmoja watakufuata. Wamenituma mimi nikushawishi. Nimewaambia sijui kama utanifungulia mlango.

Utanifungulia?

Nkirote


Majengo, 24 Novemba 2024

Nkirote,

Nilikuwa nimekaa na barua yako ya Agosti ndani ya koti. Kila nikitaka kukujibu nakuta na mimi niko na langu la kusema, na sikutaka kulisema.

Nilikuambia barua ya onyo ilifika tarehe kumi na tatu. Siku kumi na moja kabla. Mwalimu Tabby alipita kibandani tarehe kumi na saba, alikuwa anakwenda benki, akanisalimia. Nilimwambia, "Mwalimu, hiyo simu usiiruhusu ichukue programu mpya." Akaniuliza kwa nini. Nikasema ati nimesikia tu ina shida. Akacheka, akasema mambo hayo hufanywa na mjukuu, akaenda. Ningemwambia, "Toa hizo video leo, ziweke mahali pengine, nitakusaidia mimi mwenyewe," tungemaliza kwa nusu saa. Lakini angeuliza nimejuaje. Na nilikuwa nimekuahidi. Niliogopa utafutwa kazi.

Wote arobaini na mmoja ningewaambia. Niliwatazama wakipita.

Ilipofungwa alikuja, akakaa pale kwa benchi. Aliniuliza swali moja, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Nimekuwa nikienda kanisani na hiyo.

Wiki jana nilikwenda Kiganjo. Nilimkuta anafunga madarasa. Nikamwambia, "Nilijua, Mwalimu. Niliambiwa na mtu na nikanyamaza kwa ajili yake." Hakukasirika vile nilitarajia. Alimaliza kufunga mlango, akajaribu kufuli, akaniambia, "Wewe ulikuwa unamlinda mtu. Mimi ni nani alikuwa ananilinda?" Halafu akanipa soda na tukanywa. Nikarudi na miguu mpaka barabara kubwa.

Kwa hivyo mimi siko na mahali pa kusimama nikuhukumu.

Juu ya mkataba: nimechoka, na hiki kibanda ni cha Watiri sasa. Sitaki cheti wala mafunzo. Nataka kitu kimoja. Wafungue zile simu arobaini na moja, zikiwa na vitu vyake ndani. Wakifanya hivyo nitatia saini na nitawaambia wenzangu watie. Wasipofanya, waendelee na simu zao.

Kingori


Nairobi, 15 Januari 2025

Baba Watiri,

Nimepeleka ombi lako mara tatu. Jibu limekuja, na lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Watafungua zote arobaini na moja. Watakuja Nyeri tarehe ishirini na nane, kwenye ukumbi wa kanisa lenu, na mashine, na wapiga picha. Mwalimu Tabby atakuwa wa kwanza. Baada ya hapo mtatia saini.

Wasilowaambia ni kwamba mashine hiyo ikifungua simu inaisafisha. Itatoka ikiwaka, kioo kizuri, na ndani hakuna kitu. Hakuna video wala picha. Nilimuuliza mhandisi kama kuna njia nyingine. Akasema ipo, lakini inachukua saa sita kwa kila simu, na idhini yake inatoka ng'ambo, na wakubwa hawataki kuiomba kwa sababu kuomba ni kukiri kwamba tulifunga simu za watu bila kuwaonya vya kutosha.

Nilimwambia Bi Sophie kwamba lazima waambiwe. Akasema iko kwenye mkataba, kifungu cha kumi na nne. Nimekisoma. Kinasema, "kifaa kitarejeshwa katika hali yake ya awali." Ukisoma haraka unafikiri ni jambo jema.

Hii usiichome. Ina jina langu kamili hapo chini. Msomee Mwalimu Tabby, msomee Muriithi, wasomee wote Karatina. Na mimi nitakuwepo ukumbini. Nitasema kwa mdomo wangu kabla mashine haijawashwa. Mdogo wangu nimeshamwambia huenda muhula ujao ukawa mgumu. Akasema kuna mwenzake anayemwaga zege wikendi.

Joyce Nkirote M'Ikiara


Majengo, 9 Machi 2025

Nkirote,

Baada ya ule mkutano uliondolewa na gari lao kabla sijafika mlangoni, na simu yako haishiki. Nimesikia kwa mpwa wa Muriithi kwamba ulifutwa siku hiyo hiyo, hata sanduku la vitu vyako uliletewa na askari wa geti. Nimeuliza mpaka nikapata anwani ya shangazi yako huko Nkubu. Wacha nikuambie yaliyofuata, kwa sababu hukuyaona.

Uliposimama na kusema, watu wengi tulikuwa tunajua tayari, niliwasomea barua Jumapili. Lakini kusikia kutoka kwa mtu wa kampuni, amevaa nembo yao kifuani, ilikuwa tofauti. Mkubwa wako alisema ni jambo la kiufundi tu. Mwalimu Tabby alikuwa mbele, simu iko kwa mkono, mpiga picha amesogea. Akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu, akasema, "Basi mimi nitaingoja hiyo ya saa sita." Akakaa. Wengine wakarudisha simu zao mifukoni. Hakuna mtu alitoka, na hakuna mtu alikwenda kwa mashine. Tulikaa hivyo mpaka wale wageni wakaanza kukunja nyaya zao. Hakuna saini hata moja.

Wiki tatu kimya. Halafu ikaja barua fupi, hakuna pole, hakuna kukiri. Inasema tu kwamba idhini imepatikana. Wakatuma vijana wawili na mashine nyingine, wakakaa kwa ukumbi siku tisa, wanapewa chai na akina mama wa kanisa kama wachimba visima. Arobaini na moja hazikufika. Wengine walikuwa wametupa, wengine wameuza kwa bei ya vyuma, mmoja amekufa na watoto hawajui aliiweka wapi. Zilizofunguliwa ni ishirini na tatu. Yule mzee wa kanisa, yake haikuwaka tena, maji yaliingia. Bado hanisalimii.

Mwalimu alikuja kuchukua yake kibandani kwangu, hakutaka ukumbini. Alikaa kwa benchi akatafuta video moja, bwanake anakata ua wa michongoma na analalamika juu ya mbuzi wa jirani. Akaisikiliza mpaka mwisho. Akairudia. Halafu akaniambia, "Kwani alikuwa na sauti nyembamba hivi? Mimi kwa kichwa changu nilikuwa nimeshaifanya nzito." Ilikuwa ni miezi minane tu. Watiri alitoka nje akajifanya anasafisha kioo cha dirisha. Mimi niliendelea na kazi niliyokuwa nayo, sijui hata ilikuwa nini. Akakaa saa nzima. Hatukuongea juu ya mimi na yeye, na sidhani tutaongea.

Mkataba tumetia saini wanane. Muriithi alikataa, amesema atakufa akitengeneza simu za bei rahisi. Naserian hakurudi. Mimi nilitia kwa sababu nilikuwa nimesema nitatia, na kwa sababu ya Watiri. Hawatupendi, Nkirote, na sisi hatuwapendi, lakini spea zao ni nzuri, na askari wa kaunti hawasumbui tena. Ni hivyo tu imeisha. Nilidhani nitasikia kitu fulani kikubwa moyoni na sikusikia, nilisikia usingizi.

Ulisema utakuja kuniomba msamaha ukiwa umesimama. Ulisimama, lakini uliomba kwa watu wote na mimi nilikuwa nyuma. Nimekuwa nikijiuliza kama nimekusamehe. Sijui. Kukukasirikia nimechoka nako, hilo najua, na nikiangalia vizuri naona nusu ya hasira ilikuwa yangu mwenyewe.

Watiri anakwenda Nairobi Jumatatu ya tarehe kumi na saba kwa mafunzo yao ya wiki mbili. Meza itabaki bila mtu wa kuangalia kwa hadubini, jicho la kushoto haliwezi tena na la kulia limeanza. Malipo ukija hayafiki ya Oruva, unajua. Kwa Mama Watiri chumba kile cha nyuma kiko wazi. Tunafungua saa mbili.

Kingori